Kafuata Ujomba

Kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, Mwanakheri alichukua ndoo na kwenda kisimani, huku mdogo wake Borafya akimfuata kwa kuchechemea, maana goti lake lilikuwa likivimba mara kwa mara. Njia fupi ilipita mbele ya nyumba ya Mzee Pandu, lakini mwaka ule wa 1956 hakuna mtoto wa Makunduchi aliyeipita. Wote walizunguka kwenye mawe makali, nyayo zikawauma, ilimradi wasionane na yule mzee.

Mzee Pandu alikuwa ngariba. Kwa miaka thelathini aliwatahiri watoto wa kijiji, na baba zao kabla yao. Miaka miwili nyuma alimtahiri Mjaka, mdogo wake Mwanakheri anayemfuata. Wenzake sita walipona. Mjaka alitoka damu siku nne, akafa akiwa na miaka tisa. Basi ikawa Pandu ana mkono mchafu, Pandu ana kijicho, Pandu mchawi. Mtu aliyekalishwa mbele kwenye kila karamu sasa hakupewa hata kaa la moto. Ndivyo tulivyo binadamu, tukikosa sababu tunatafuta mtu.

Sababu Mwanakheri aliijua, na ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mama yake, Bi Sichana, alikuwa mtu wa Tumbatu. Mwaka uliopita walikwenda huko kumtazama bibi, na Borafya akang'oka jino. Damu ilitoka mpaka siku ya pili. Bibi alimtazama mjukuu wake, akajifunika uso.

"Huyu naye kafuata ujomba," alisema.

Watu husema hivyo kwa mzaha mtoto akichukua pua au mwendo wa mjomba wake. Bibi hakuwa na mzaha. Kaka wawili wa Bi Sichana walikufa kwa kutoka damu walipotahiriwa. Wa tatu yuko hai, mzima kabisa, ana wajukuu.

Bi Sichana alimvuta binti yake pembeni. "Ulilolisikia hapa libaki hapa. Babaako akijua kwetu kuna damu hii, ataniacha. Na wewe hutaposwa." Mwanakheri akaahidi. Alikuwa na miaka kumi na moja, na mama ni mama.

Sasa kijiji kilikuwa kinajiandaa kuwatia watoto kumbini, watahiriwe pamoja. Mara mbili Bi Sichana alimzuia Borafya, mara ana homa, mara goti. Wenzake walimcheka mpaka akawa hatoki kucheza. Safari hii baba yao, Makungu, hakutaka kusikia.

"Nimemwita ngariba wa mjini," alisema. "Huyu mkono wake safi, si kama yule muuaji."

Bi Sichana aliinamia chungu chake, akakoroga mchuzi uliokwisha kuiva.

"Mama, sema," Mwanakheri alimnong'oneza baba alipotoka.

"Nshaomba dua. Pengine huyu hakufuata."

"Na lile jino je?"

"Nyamaza!"

Asubuhi ya Alkhamisi watoto walinyolewa uani. Borafya alikuwa na furaha, kanzu yake mpya iko begani, mpaka wembe ulipomkwaruza utosini. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Wengine walikwaruzwa pia, wakapanguswa, wakaenda zao. Damu ya Borafya ilishuka sikioni, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye kanzu. Bi Sichana alikuja mbio akaibana kwa kanga. Ilipolowa, aliificha haraka nyuma ya mtungi, akachukua nyingine.

Mwanakheri aliitoa ile kanga mafichoni, akaibeba mpaka mbele ya baba yake.

"Baba, usimpeleke. Atakufa kama Mjaka. Wajomba wawili walikufa hivi hivi Tumbatu. Mama anajua, na mimi nnajua."

Makungu alimgeukia mkewe. "Ulijua? Ukaniacha nimwite Pandu mchawi juu ya kaburi la mwanangu?"

"Nilijua," alisema Bi Sichana.

Adhuhuri walikuwa mjini, hospitalini. Daktari aliufunga utosi wa Borafya kwa nguvu, akamwongeza damu, akauliza habari za wajomba mmoja mmoja. Kisha akawakalisha.

"Bi Sichana, doti ina kanga ngapi?"

"Mbili."

"Basi mwanamke amezaliwa na doti. Moja yako ina tundu, lakini nzima inaisitiri, ndiyo maana wewe huumwi. Mtoto wa kiume mama humpa kanga moja tu, na kwa baba hupata kikoi, ambacho tundu hilo hakilizibi. Akiangukia yenye tundu, damu yake haigandi. Akiangukia nzima, hana neno, kama yule kaka yako aliye hai."

"Kwa hiyo Mjaka hakurogwa?" Makungu aliuliza.

"Hakurogwa. Hata kisu changu kingemwua."

"Na huyu atapona lini?"

"Dawa ya kuiondoa hatuna. Mlindeni na majeraha, wala asitahiriwe. Mwalimu wenu wa chuoni atakwambieni, dini haimtaki mtu ajiangamize."

Mwanakheri aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

"Wewe una doti. Kanga uliyopewa na babaako ni nzima. Ya mamaako, hatujui alikupa ipi."

Siku Borafya aliporuhusiwa, Makungu alimwambia mkewe, "Sikuachi. Lakini usinitake nikwambie leo kuwa nimekusamehe." Kisha aliwaongoza wote mpaka kwa Mzee Pandu, akasema kila kitu mlangoni, majirani wakisikia.

Mzee aliegemea mwimo wa mlango.

"Mke wangu aliumwa mwezi mzima," alisema. "Hakuna jirani aliyechungulia. Nikamkosha na kumzika na watu wanne. Bi Sichana, wewe hukunisingizia hata neno moja. Ulinyamaza tu, na kunyamaza kwako kukanimaliza." Alimgeukia Mwanakheri. "Na wewe, mjukuu wangu, ahadi ya kuficha hatari si ahadi. Siku ukiposwa, sema mapema. Atakayekimbia, mwache akimbie. Ukweli unauma, lakini hauzikishi watoto."

Bi Sichana alilia. Hakuna aliyembembeleza.

Kesho yake Mwanakheri alipita njia fupi, ndoo kichwani. Alimwamkia mzee, akamimina maji mtungini mwake. Mzee Pandu alimrudishia ndoo bila kumtazama.

"Marahaba," alisema. Halafu akauliza, "Mjaka angekuwa darasa la ngapi sasa?"

"La nne, babu."

Mzee alitikisa kichwa, akaingia ndani.