Sentimita Kumi na Mbili kwa Rula

Kila nikitoka shule nilipitia kwenye cherehani ya Mama kuokota vipande vya uzi sakafuni. Alizoea kunitania kwa jina la Kalkuleta, maana hesabu kwangu zilikuwa mteremko.

Jumatano ile hakunitania. Mama mdogo alikuwa amepiga simu kutoka mji wa mbali anakoishi na Bibi. Bibi angepasuliwa Ijumaa saa tisa alasiri, na alitaka kumwona Mama kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Ndege zilikuwa mbili: ya Alhamisi jioni na ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Mama alikuwa na sare thelathini za kumaliza, hivyo Ijumaa ingemfaa zaidi. Akanituma kwa wakala wa tiketi, mtaa wa pili, nikaulize hiyo ya Ijumaa inafika saa ngapi.

Foleni ilitoka nje ya mlango, na wenzangu walikuwa wakiningoja uwanjani. Nikajiambia, foleni ya nini na atlasi ninayo? Nikapima ramani kwa rula: sentimita kumi na mbili, kila moja kilomita mia mbili. Jumla kilomita elfu mbili na mia nne. Kitabu chetu kilisema ndege huenda kilomita mia nane kwa saa. Basi safari ni ya saa tatu, kazi kwisha, nikaenda kucheza.

"Wakala amesema inafika saa tano," nikamwambia Mama niliporudi. Baba akalipia tiketi ya Ijumaa kwa simu papo hapo.

Siku ya safari Baba alimsindikiza Mama kiwanja cha ndege, akarudi uso umemshuka. Ndege iliyokwenda moja kwa moja ilikuwa ile ya Alhamisi. Hii ingetua kwanza mji wa katikati ya njia, na abiria wangengoja huko ndege nyingine kwa saa tano nzima. Mama aliambiwa hayo akikaguliwa tiketi, na njia nyingine haikuwepo.

Alifika saa kumi. Bibi alikuwa ameshaingizwa, huku akiuliza hadi mlangoni kama binti yake amefika. Hakuamka tena.

Nilimweleza Baba yote nikilia. Hakunichapa, na heri angenichapa. Baada ya mazishi alinituma kwa wakala nikaulize Mama angerudi saa ngapi. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya siku ile, na zamu yangu ilifika baada ya robo saa tu.

Mama aliporudi nilimwambia hata hilo la robo saa. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali.

"Rula yako haikukosea, mwanangu," akasema mwishowe. "Ungeniambia hukuuliza, ningekwenda kuuliza mwenyewe. Kutojua si kosa. Lakini uliutia uongo kinywani mwa wakala, nami nikausafiria hadi kwa mama yangu."

Nilimwomba radhi, akasema amenisamehe, na Mama si mtu wa kusema uongo. Ila hajaniita tena Kalkuleta hadi leo.