Tarumbeta Ndani ya Makoti

Kila Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu Brooklyn Center, Marekani, mimi huosha vyombo, Mama hupiga pasi nguo za kanisani, na dada yangu Rachelle hubeba tarumbeta yake na kukimbilia basi la Minneapolis. Anasoma chuo huko, na siku za mechi za futiboli ya Kimarekani hupiga kwenye bendi ya chuo. Ndivyo alivyotuambia yeye. Mimi, Shekinah, nina miaka kumi na miwili na sidanganyiki kirahisi.

Jumamosi moja ya Novemba rafiki yangu Abigail alikuja, tukatazama mechi kwenye simu yake. Mchezo uliposimama, muziki ukalipuka uwanja mzima. Kamera ikaelekea kwenye bendi, nikamwona Rachelle safu ya mbele. Alikuwa amekunja mikono, tarumbeta haionekani. Wenzake nao vilevile. Hakuna aliyekuwa akipuliza chochote, na muziki unaendelea!

"Kumbe ni pleibeki," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Watu wanavaa sare na kujifanya wanamuziki, kumbe muziki ni wa kurekodiwa."

Kwetu neno hilo ni zito. Papa, yaani baba yangu, mzee Twagirayezu, anaongoza kwaya ya kanisa letu la Wakongomani. Mwaka jana mwimbaji mgeni alikuja na muziki wake kwenye flashi, Papa akaichomoa mbele ya watu wote. "Hapa tunapiga wenyewe," alisema.

Rachelle aliporudi jioni nilimchunguza midomo. Ilikuwa imepasuka, lakini baridi ile ilikuwa inapasua midomo ya kila mtu. Ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na hakika atakana. Badala yake, Jumapili nilimnong'oneza Zadock, mpiga gitaa wa kwaya, ambaye hajawahi kukaa na neno tumboni. Ibada haijaisha, kwaya nzima ikawa inajua.

Jioni Papa alimwita Rachelle sebuleni.

"Mimi nafukuza watu na flashi zao, kumbe pleibeki iko mu nyumba yangu? Zadock ameniambia yote, na Shekinah ndiye aliona. Hiyo bendi unaacha."

"Papa, please! Nikikosa mechi ya Jumamosi wananitoa, na sirudi tena!"

"Wakutoe."

Rachelle alilia hadi akashikwa na kwikwi. "Nikisema hutaniamini. Basi njoo uone mwenyewe kwanza," alisema. Papa alikubali kwa shingo upande, akaniamuru niende naye. Nilijiona mkubwa, kama shahidi mahakamani.

Jumamosi hiyo baridi ilikuwa inauma masikio. Tulikaa karibu kabisa na bendi. Mchezo uliposimama, muziki ukalipuka, na tarumbeta hazikuonekana! Papa alinitazama, kisha akashuka ngazi, mimi nyuma yake, hadi kwa kijana aliyeongoza bendi, mwanafunzi kutoka Kenya aitwaye Silas. Nilifurahi. Leo wanaumbuka, niliwaza.

"Kijana, nani anapiga hii muziki?" Papa aliuliza.

"Hiyo ni ya DJ, mzee. Mchezo ukisimama, time ya kwanza ni yake, kisha sisi. Hatujawahi kusema ni yetu."

"Na tarumbeta ziko wapi?"

"Ndani ya makoti. Baridi hii ikizipata, vitufe vinaganda, hazilii kabisa. Ngoja kidogo tu uone."

Spika zikanyamaza. Silas akainua mikono. Makoti yakafunguliwa, tarumbeta zikatoka, na sauti iliyofuata ilitikisa ngazi niliyosimamia. Rachelle alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, mashavu yamejaa, vidole vinakimbia juu ya vitufe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walipomaliza, Silas alimgeukia Papa. "Kila mwaka DJ anaongezewa time, sisi tunapunguziwa. Sasa wakubwa wa uwanja wakisikia hata familia zetu zinasema tuna-fake, si watatumaliza?"

 Mechi ilipokwisha, Papa alimwomba Rachelle msamaha, akamwambia asiache bendi. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, kesho utasimama mbele ya kwaya."

Nilisimama. Nilisema kwamba nilitangaza jambo nisilolijua, na kwamba dada yangu anapiga kweli. Zadock alinitazama, gitaa mapajani.

"Juma lililopita uliniambia hapigi. Leo unasema anapiga. Sisi tushike lipi?"

 Nyuso zote zilinitazama kwa shaka, kama nilivyokuwa nikimtazama Rachelle, na machozi yakanitoka.

"Mshike la leo, mimi nimeona kwa macho," alisema Papa. "Lakini Zadock ana haki ya kuuliza. Shekinah, kushuku si kosa. Dada yako analala chumba kimoja na wewe, hukumuuliza hata neno moja. Ukimshuku mtu, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, si wa mwisho kusikia. Hata mimi sikumuuliza, nilimfokea tu." Akamgeukia mpiga gitaa. "Na wewe Zadock, ulipoletewa hayo maneno, ulimuuliza nani?"

Zadock aliinama juu ya gitaa, akaanza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.