Kiti cha Kulia

Jumamosi hiyo, daktari wa meno alipofungua banda la ndege yake, alikuta mkanda wa kiti cha kulia umefungwa.

Haukuwa umening'inia kama alivyouacha. Ulikuwa umefungwa na kukazwa, ukaachiwa nafasi ya tumbo la mtu mnene.

"Fundi!" aliita. "Nani kakaa humu?"

Fundi alikuwa chali chini ya bawa, uso umejaa grisi. "Nani tena, Daktari? Funguo unazo wewe."

"Basi nimeanza kuzeeka."

"Na hilo nalo lipo," fundi akajibu, wakacheka wote wawili.

Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni. Aliinunua iliyotumika, mwaka alipotimiza miaka hamsini, na majirani wakasema kila jino alilong'oa lilinunua skrubu moja. Hakuwa na safari nayo. Alipenda kuruka tu: kupaa asubuhi, kuuzunguka mji mara mbili tatu, kuliona paa la nyumba yake likiwa dogo kama kipande cha sabuni, kisha kurudi kunywa chai. Wiki nzima alishinda ameinamia vinywa vya watu. Jumamosi alitaka mahali pasipo na ukuta.

Ila wiki iliyotangulia alikuwa amefanya utoto. Nyuma ya mji kuna kilima, na juu yake hukaa wingu dogo jeupe hata siku ambayo mbingu yote ni tupu. Marubani wenzake hulikwepa, na ukiwauliza sababu wanabadilisha mazungumzo. Yeye alilipasua katikati huku akipiga kelele za furaha kama mtoto kwenye bembea. Ndani yake mlikuwa na joto, kama chumba chenye watu. Hakulitilia maanani.

Basi siku hiyo aliufungua mkanda, akawasha injini, akaondoka. Ndege ilipita alama aliyozoea kuinukia, ikaendelea kukimbia, ikainuka kwa shida. Huko juu ikawa inalalia kulia. Alitazama mafuta, matangi yote mawili yalikuwa sawa. Kisha harufu ikaja, harufu ya nywele zilizoungua iliyochanganyika na marashi.

Redioni, mama anayeongoza ndege akamuuliza, "Mko wangapi humo ndani?"

"Mmoja. Mimi tu."

"Basi mwambie huyo mwenzako asiongee wakati wewe unaongea. Siwasikii vizuri."

Alitua, akamwita fundi. Fundi aliifungua ndege yote, akaikagua kuanzia propela hadi mkia, hakuona kasoro. Mwisho akaweka kiganja juu ya kiti cha kulia, akakiondoa upesi.

"Kina joto," alinong'ona.

"Ni jua hilo."

"Daktari, jua liko upande wa kiti chako."

Nyumbani alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke asiyekubali jambo mpaka lipigiwe mstari mara mbili. Watoto wao walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wao wawili tu na marundo ya madaftari ya kusahihisha.

"Baba watoto, wewe una uchovu," alisema. "Jumamosi nitakaa mimi kwenye hicho kiti. Tuone nani atanitoa."

Alimsihi asiende. Ndiyo kwanza akanunua miwani ya jua.

Jumamosi ilipofika walipaa vizuri. Ndege ilikuwa nyepesi na anga safi, na mwalimu akacheka alipoiona shule yake. "Ona! Na mabingwa wote wa kuchelewa wangeonekana kutoka huku!" Mumewe naye akacheka, roho ikatulia.

Kisha mkewe akasema polepole, bila kugeuza shingo, "Baba watoto, mbona umenishika bega?"

Mikono ya daktari yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Usigeuke," alimwambia. "Tunarudi sasa hivi. Usigeuke, mama."

Akakata kona kushoto kuelekea kiwanjani, usukani ukakubali kidogo halafu ukagoma, ukaanza kurudi kulia taratibu, kama kitu ambacho mtoto ananyang'anywa na mtu mzima asiye na haraka, na pedali zikabonyea zenyewe chini ya miguu ya mkewe hata akaikunja yote miwili juu ya kiti na kuikumbatia, na daktari akavuta kwa nguvu zake zote, akaweka goti, akapunguza moto wa injini na injini isipungue, akaita redioni na redio isijibu chochote ila pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyepanda ngazi nyingi, huku ile harufu ikijaa mpaka macho yakawachonyota, na mbele ya kioo, jeupe, dogo, limetulia, wingu la kilimani likazidi kukua.

Sauti ikaja kwenye hedifoni zao, ya chini, ya adabu.

"Ulipita kwangu bila hodi."

Mwalimu wa hesabu alikuwa akilia bila sauti.

"Samahani," daktari alisema. "Sikujua. Nisamehe, sikujua kama pana wenyewe."

"Mlango wangu umeuvunja. Sasa nitakaa wapi?"

Wakaingia. Joto likawafunika. Hawakuona kitu, hata mikono yao wenyewe. Walishikana vidole kwa kupapasa, na kila mmoja alihisi kana kwamba kuna mtu wa tatu aliyevishika vidole vyao kwa juu. Ilikuwa dakika moja, au kumi. Kisha mwanga ukarudi, usukani ukalegea, na mji ukaonekana chini kama kawaida.

Walitua. Mwalimu alitapika kwenye majani ya kando ya njia, kisha akakaa chini na kukataa kuinuka mpaka fundi alipombeba.

Fundi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo, zamani muuguzi, aliyekuja mchana na mkoba wake na kuwaonya mapema kwamba yeye kizunguzungu humpata hata akipanda kiti kufuta buibui. Alifukiza banda zima, akanyunyiza maji kwenye mbawa na viti, akasoma kwa sauti ya chini mpaka jasho likamlowesha. Kisha akafunga mkoba.

"Ndegeni hamna kitu," alisema.

Daktari alimkumbatia mkewe. Mganga hakutabasamu.

"Alishuka. Alishuka na mmoja wenu."

"Na nani?" mwalimu aliuliza.

Mganga aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Akiwa bado mgeni hujificha, simwoni. Hata mwenye mwili hamjui siku za kwanza. Nendeni mkaangaliane. Atakayemsikia aje kwangu aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba yumo. Bila hivyo siwezi kumgusa."

Ndege ilikatwakatwa ikawa chuma chakavu. Nyumbani wakaangaliana kama walivyoambiwa: mezani, kwenye kioo cha bafuni, mmoja akivaa viatu na mwingine akimhesabia pumzi. Kila asubuhi mwalimu aliuliza, "Uko peke yako humo?" Naye akajibu, "Niko peke yangu. Na wewe?" "Peke yangu." Kisha wakanywa chai, na hakuna aliyemwamini mwenzake.

Wiki ya tatu, kazini, daktari alimkalisha seremala mmoja mwenye jino bovu. Akachukua koleo, akaliingiza, na koleo likashika jino la pembeni, lililo zima. Alitaka kulegeza mkono. Mkono haukulegea. Aliutazama ukizungusha, ukivuta bila papara, aliyaona macho ya seremala yakitoka, akalisikia jino zima likiachana na mfupa, na kinywa chake mwenyewe kikasema kwa upole, "Pole, ndugu yangu. Tumemaliza."

Alikimbia nyumbani bila kuvua koti la kazi. Alimkuta mkewe mezani, kalamu nyekundu mkononi. Akasimama mbele yake, akafungua kinywa aseme maneno matatu tu: yumo ndani yangu.

"Umechoka leo," alijisikia akisema. "Nikuwekee chai?"

Mkewe aliinua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayeupitia tena mkokotoo. Kisha mabega yakamshuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hujaniuliza hivyo siku nyingi," alisema. "Nilikuwa naogopa ni wewe, baba watoto. Nilikuwa silali."

Ni mimi, daktari alipiga kelele ndani kwa ndani. Ni mimi, mama, nitazame vizuri, ni mimi. Kinywa kikacheka kicheko kizuri, cha chini, cha adabu. Mkono ukampapasa mkewe kichwani.

Mwalimu alifuta machozi, akachukua simu, akampigia mganga.

"Tumepona," alimwambia. "Sote wawili. Usisumbuke tena kuja."

Na mumewe, kando yake, akamkorogea sukari.