Kikombe cha Mamdogo Maftaha

Kila alasiri nikishaosha vyombo, mamdogo Maftaha huniita mezani. Yeye ni mdogo wake mama, daktari anayejifunza upasuaji, na tunaishi naye hapa Mtanda, Lindi. Hufunga uzi kwenye kishikio cha kikombe cha plastiki, kisha hukaza fundo juu ya fundo, akijizoeza kushona vidonda.

"Macho yangu yako kwenye uzi, Umi," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe tazama kikombe. Kikiruka, sema. Nikivuta uzi mpaka kikombe kiruke, ujue hapo ningekuwa nimechana nyama ya mgonjwa."

Sasa mimi nyumbani huitwa Mdomo. Wiki ileile nilikuwa nimemwambia mgeni, mama mtu mzima, mbele ya wenzake, kwamba sambusa alizotuletea hazina chumvi. Mama alinisema mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Mkubwa hakosolewi," alisema. Nikaapa kwamba nimekoma.

Basi kikombe kikaruka. Nikanyamaza. Kikaruka tena.

"Vipi?" akauliza mamdogo.

"Safi kabisa, mamdogo," nikajibu, nikajiona binti mwenye adabu zake. Nikaendelea hivyo siku nne, naye akazidi kukaza uzi kwa furaha.

Ijumaa alikwenda kupimwa na Daktari Klementi, mwalimu wake. Alitakiwa kushona kipande cha ngozi ya mbuzi. Akifaulu, angeruhusiwa kushona kidonda cha mtu kwa mara ya kwanza. Alirudi, akaketi bila hata kuweka mkoba chini.

"Ngozi imechanika mara tatu," alimwambia mama. "Daktari amesema bado, amenipa wiki moja. Labda mikono yangu haifai, dada. Umi ameniangalia siku zote nne, kikombe hakikuruka hata mara moja."

Nikaacha kunywa chai yangu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini nilimwona anavyoitazama mikono yake kana kwamba si yake, nikaona vibaya sana.

"Kiliruka, mamdogo," nikasema. "Kiliruka kila siku. Mkono wa kushoto unavuta uzi juu kabla fundo halijakaa. Niliona haya kukukosoa."

Mama akaweka kijiko chini. Nikangoja kusemwa. Mamdogo alinikazia macho, kisha akainuka, akaleta kikombe.

"Umeniudhi," alisema. "Nitakununia baadaye. Sasa kaa hapa, useme."

Mimi tena, kuambiwa niseme! "Kimeruka. Mkono wa kushoto, mamdogo. Kimeruka. Kimeruka tena." Alikunja uso, akafungua fundo, akaanza upya. Kufika Jumatano kikombe kilikuwa kimetulia mezani kama kimepakwa gundi.

Ijumaa ya pili alifaulu. Jumatatu yake akamshona mzee mmoja, mkulima wa Rondo, aliyejikata mguu kwa panga. Daktari Klementi alisimama pembeni, hakugusa kitu. Siku hiyo mamdogo aliingia nyumbani akinitafuta mimi kwanza.

"Yule mzee ameniombea dua ndefu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Katika dua ile na wewe una sehemu yako. Ahsante sana, mwanangu."

"Lakini si mkubwa hakosolewi?" nikauliza, nikimtupia mama jicho.

Mama akacheka kidogo. "Hapo nilikosea kusema," alijibu. "Ya sambusa ulimwaibisha mgeni mbele za watu, na hakukuuliza. Lakini mtu akikuomba umwambie ukweli, hata awe mkubwa wako, heshima yake ni kumwambia. Ungeendelea kunyamaza, na mamdogo wako akafaulu kwa bahati tu, angeumia yule mzee wa Rondo, nasi wala hatumjui."

Kisha nikakumbuka jambo.

"Mamdogo, bado hujaninunia."

"Nimekosa nafasi," akasema, akanikumbatia.