Mbuzi Waliolamba Changarawe

Asubuhi ya Jumamosi, huko Makuyuni, Mwantumu alifungua banda akakuta kuku wake vibete wote wamekufa. Sinia la maji lilikuwa kavu, sakafu imelowa kinyesi cha majimaji. Vifaranga wa kuku hao ndio wangenunua mabati ya nyumba anayoijenga na mumewe, Mbaruku, kule Handeni.

Wifi yake Zuena, aliyekuwa akisaidiana naye kumuuguza mama mkwe hapo nyumbani, alikuja mbio. "Ni Mathias wa Segera! Si yeye aliyekuuzia changarawe wanazodonoa kuku ili kusaga chakula?"

Mwantumu akampigia Mathias simu.

"Nilizichekecha mwenyewe, mama," Mathias alijitetea. "Kuku wadogo wanataka changarawe kama punje za mtama, zilizooshwa, zisizochanganywa na kitu. Kagua mfuko uliobaki."

Wakati huo mbuzi wa jirani walikuwa wameshajipenyeza bandani. Mwenyewe, Mzee Mustapha, akaja kuwaswaga.

"Shikamoo, mzee," Mwantumu alimwamkia.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini?" Zuena alifoka. "Si uliapa utawaua hawa kuku?"

"Niliapa, kwa hasira ya mchicha wangu walioudonoa. Lakini mbuzi wangu hawafungwi kamba. Nitege sumu wanapopita wao?"

Mwantumu alikuwa akiwatazama mbuzi. Waliipita pumba, wakawa wanagombea kulamba kopo la changarawe. Tangu lini mbuzi akaacha pumba akalamba mawe? Aliokota punje moja nyeupe, akaiweka ulimini. Chumvi ya mawe, imepondwa ikalingana na changarawe! Kwa kuku wadogo kama wale, hiyo ni sumu tosha.

Akaingia ndani akaonja changarawe za mfuko uliobaki. Hazikuwa na chumvi. Basi Mathias hahusiki, na aliyefanya hivi anajua kopo linakaa wapi. Alipopita jikoni aliona mtetea mweupe wa Zuena, mzima kabisa, amefunikwa tenga.

"Wifi, huyu ulimtoa bandani lini?"

"Jana jioni. Anaatamia."

Mwantumu akainua tenga. Chini yake hapakuwa na yai hata moja.

"Anaatamia nini, Zuena?"

Zuena akaangalia mlango, kisha akakaa kwenye kinu.

"Ulimtoa wako, wangu ukawapa chumvi. Mimi ninayekula nawe sahani moja! Nimekukosea nini?"

"Ungehamia Handeni," Zuena alisema. "Nyumba ikiisha mnakwenda zenu, mimi naachwa na mama mgonjwa. Nani angenikumbuka?"

Mwantumu aliona bora mkosaji angekuwa jirani, bora angekuwa mwizi.

"Ile nyumba ina vyumba vitatu," alisema. "Cha mama kiko karibu na choo, asihangaike. Cha pili ni chako. Mbaruku alitaka akuambie mwenyewe siku ya kupaua."

Akachukua jembe, akaenda kuwafukia kuku wake.