Foklifti ya Ghala la Gatitu

Rafiki yangu Kioko si mtu wa kuzua maneno, na anayemcheka kwa jambo hili mimi simsalimii tena.

Ilikuwa miaka ya sabini. Ghala moja la kahawa pale Gatitu lilinunua foklifti, gari la kunyanyulia magunia, na kuwafuta kazi wapagazi wote. Kioko aliletwa kutoka Machakos kuiendesha. Wapagazi walisimama langoni, ngata za kubebea magunia zikiwa bado vichwani, wakamkodolea macho. Mkubwa wao, Mutahi, akatema mate.

"Ati hiyo chuma yako inabeba? Hata yenyewe itabebwa."

Mchana mvua ilinyesha, stima ikapotea. Kioko alikuwa ameacha koti kwenye kiti cha mashine, akarudi kulichukua. Ghala halikuwa na dirisha; ndani hakuona hata mkono wake. Akasikia miguu mitupu ikiburuzika sakafuni, na sauti nzito: "Mzigo! Mzigo!" Ndivyo wapagazi walivyoitana gizani, ili asiyebeba apishe. Kioko akajibana kwenye magunia. Wakampita wengi, wakihema kwa uzito.

Alitoka mbio. Mutahi na wenzake walikuwa palepale langoni, mvuani, wote.

"Nani ako ndani?" Kioko akauliza.

Mutahi akamgeuzia mgongo.

Stima iliporudi, askari wa lango akaingia naye. Mahali pa foklifti palikuwa patupu. Tone la oili likamwangukia Kioko shavuni, akainua macho. Foklifti ilikuwa juu ya magunia, karibu na mabati, imelazwa ubavu, na chini yake koti lake limeviringwa kama ngata.