Kiti cha Profesa Onuki

Keki ya maharagwe iliyowekwa mbele ya kiti kitupu ilikuwa imeumwa. Sayoko Hirabe, mhariri wa ile historia ya Japani ya juzuu kumi na mbili, aliwatupia jicho wasomi waliozunguka meza, akahisi mmoja wao kashindwa kujizuia. Wazee hawa waliweza kugombana wiki nzima juu ya mwaka wa vita fulani. Kudokoa keki ya marehemu hakungewashinda.

Kiti kilikuwa cha Profesa Onuki, aliyefariki akiwa katikati ya juzuu ya saba, kwenye sura ya njaa kuu ya kaskazini. Walimpenda mno, ndiyo maana kila kikao waliendelea kumwekea chai na kitu kitamu, kama mama anavyomwekea sahani mwana aliye safarini. Sura yake akapewa Tokuji, mdogo wake Sayoko, ambaye aliketi jirani na kiti hicho.

Msimu wa mvua ulipoingia Kyoto, chumba kikaanza kunuka nyasi za paa zilizooza. Kila mlo Tokuji alikula mabakuli matatu ya wali, na bado akazidi kukonda. Wenzake walimtania kwamba analisha mke aliyemficha mahali. Sayoko hakucheka. Mchana mmoja, mvua ikipiga madirisha na wazee wakibishana kama kawaida yao, alisikia kitu kikilamba bakuli, taratibu, kisha bakuli la pili, kisha mengi kwa pamoja, na alipogeuka aone ni nani akamwona mdogo wake peke yake, kalamu mkononi, machozi yakimtiririka, akitafuna ilhali mdomoni hamna kitu.

Alimvuta hadi kwenye korido.

"Dada, nikiandika habari za kijiji kilichokufa njaa, watu wake wanakuja," Tokuji alinong'ona. "Wanakaa pale kwa Profesa. Kila ninachokula kinaishia kwao."

"Tangu lini?"

"Tangu sura ianze. Usiwaambie wazee, watanicheka."

Sayoko aliogopa, tena aliogopa vibaya. Huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Akakimbia na mvua yake hadi hekalu la nyuma ya ofisi, akarudi na mtawa mmoja, mama mtu mzima, jina lake Myoren. Mtawa alitazama kiti, akauliza kama walipompa marehemu wao chakula waliwatengea chochote wafu wasio na jamaa, kama ifanyikavyo hekaluni kila kiangazi. Hawakuwatengea. Sayoko mwenyewe alikuwa amehariri kurasa nzima juu ya ibada hiyo, na wala haikumpitia akilini.

"Mmemkaribisha mmoja, wenye njaa mkawaacha mlangoni," mtawa alisema. "Sasa wamejikaribisha."

Akamwaga wali na maji kizingitini, akawaita wote, wenye majina na wasio na majina, na ule ulambaji ukaanza tena, ukapita chini ya meza, ukapita miguuni mwa maprofesa waliokuwa wameinua soli zao juu kama watoto, ukatoka nje mvuani na harufu yake yote.

Wazee wakashusha pumzi. Mtawa akamsogelea Sayoko.

"Wengi wameondoka. Waliobaki wanaandamana na anayeandika habari zao. Kijana aiache kazi."

"Na ikikosa mtu?"

"Watamrudia yeye."

Sayoko alizichukua karatasi mikononi mwa mdogo wake. Tokuji aling'ang'ania, akisema dada yake hajui anachojitafutia. Alikijua vizuri sana. Akaketi, akaimalizia sentensi aliyoiacha Tokuji.

Kesho yake walikula pamoja hekaluni. Tokuji alisukuma bakuli likiwa nusu, akasema ameshiba. Sayoko akalia kwa furaha, na huku akilia akalivuta bakuli lile, akalimaliza, akalamba hadi chini, kisha macho yake yakahamia kwenye chakula cha mtawa.